Mkono Uliojifunza Kubembeleza

Ibtisam aliuogopa ule mkono tangu siku ulipoletwa, na hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na ni yeye aliyeuomba? Ni yeye aliyejaza fomu, akapiga simu mara nne, akamtengenezea injinia chai na vitumbua ili asije akabadili mawazo. Ukishamwita mgeni kwa mdomo wako, huwezi kumfukuza kwa sababu tu sura yake haikupendezi.

Na sura yenyewe haikuwepo. Ulikuwa mkono mtupu, mweupe, urefu wa mkono wa mtu mzima, umefungwa kwa skrubu kwenye ukingo wa meza chumbani kwa baba yake, nyuma ya duka lao la Tandika. Kiwiko unacho, kiganja hauna. Mahali pa vidole pana kijiko cha plastiki laini, na juu ya kijiko kamera ndogo, hata punje ya kunde ni kubwa zaidi. Ukiwashwa unatoa mlio mwembamba, zzz, halafu unainuka na kuanza kuutafuta uso wa mzee. Hapo ndipo Ibtisam alipokuwa akisogea nyuma bila kujua.

Baba yake, Mzee Jaffar, kiharusi cha kwanza kilimchukua upande wa kulia, cha pili kikarudi kukomba kilichobaki. Alibakiwa na shingo, macho, na maneno machache yanayotoka polepole, moja moja. Mtu aliyesimama nyuma ya kaunta ileile miaka arobaini, akipima mchele na kutaniana na nusu ya Tandika, sasa analishwa. Na wa kumlisha ni Ibtisam peke yake, mwanamke wa miaka arobaini na mbili aliyeachika zamani akarudi kwao, ambaye ndiye pia muuza duka. Kila mlo nusu saa, mara tatu kwa siku, huku wateja wanagonga kaunta na kuita Da Ibti, Da Ibti, hadi kichwa kinataka kupasuka.

Kaka yake, Usama, alikuwa anakaa Msasani kwenye nyumba ya vigae vya kuteleza, na juu ya jambo hili alikuwa na neno moja tu. "Siku nikisikia hiyo mashine imemdhuru baba, nakuja na gari namchukua. Sitouliza mara mbili." Na Usama hatanii. Mama yao alichukuliwa hivyohivyo miaka sita iliyopita, akapelekwa Msasani akauguzwe na watu wa kulipwa, na siku ya arobaini akarudishwa Tandika kwenye jeneza. Ibtisam hakuwahi kumlaumu kaka yake kwa mdomo. Moyoni, uongo dhambi, alimlaumu kila Ijumaa alipomwona anavua viatu mlangoni.

Kwa hiyo tuelewane mapema. Mwanamke huyu aliogopa vitu viwili. Aliuogopa mkono, na aliogopa kunyang'anywa baba, na hicho cha pili ndicho kilichokuwa kinamkosesha usingizi.

Injinia aliitwa Theonest, kijana wa Bukoba, mrefu, mpole, mwenye kuchagua maneno yake. Maabara yao ilikuwa Kijitonyama, na kabla ya kuuleta mkono alimkaribisha Ibtisam akaone kazi zao. Akaona mambo. Kulikuwa na glavu inayomfungua vidole mtu aliyepooza. Kulikuwa na kidude chenye magurudumu kinachotambaa ndani ya bomba la maji kutafuta panapovuja. Kulikuwa na mikono miwili inayojifunza kukunja khanga, na ilikuwa inakunja vibaya kuliko mtoto wa darasa la pili.

"Zamani ilikuwa lazima uiandikie mashine kila hatua," Theonest alimweleza. "Inua, peleka, shusha. Siku hizi hatuandiki, dada. Tunaishika mkono tunaionyesha, yenyewe inatazama na kujifunza. Tena ukishajua mkono mmoja, somo lile tunaipa na mingine."

Ibtisam akaitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye ile khanga inayokunjwa na mikono isiyo na mtu.

Basi wiki tatu alifundisha. Mkono uliachwa legelege, yeye anaushika pale penye kifundo, anachota uji, anaupeleka mdomoni kwa baba, anamsubiri ameze, anarudi bakulini. Kamera inautazama uso wa mzee, kinasa sauti kinasikiliza. Kila mlo ulikuwa somo. Theonest aliomba jambo moja tu: "Mlishe kama unavyomlishaga siku zote. Usiigize."

Naye akamlisha kama siku zote. Na kwao, kama kwa watu wote wenye adabu zao, hakuna mtu anayeshiba mara moja. Mtu akisema nimeshiba nawe ukamwondolea sahani, umemtukana. Unamwambia hujala kitu. Unamwambia ongeza, kwa ajili yangu. Anakataa, unambembeleza, anakula, na hayo ndiyo mapenzi. Mzee Jaffar enzi zake alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Hakuna mgeni aliyetoka nyumbani kwake anapumua vizuri. Sasa yeye ndiye mwenye kulishwa. Katikati ya bakuli angegeuza uso pembeni na kusema, "Alhamdulillahi. Nimeshiba." Ibtisam angecheka. "Umeshiba wapi, Baba? Kimoja tu." Kikishaingia kimoja kinakuja cha mwisho, kikishaingia cha mwisho kinakuja cha kufungia. Baba anafumbua mdomo, bakuli linakwisha, binti anafurahi. Mkono nao ulikuwepo pale, unatazama, na hakuna aliyeuambia kwamba watu wana namna zao.

Wiki ya nne Theonest akakaza skrubu, akabonyezabonyeza laptopu yake, akasema sasa mkono utalisha wenyewe. Kwa sharti. "Mtu akae karibu muda wote, na hiki kitufe chekundu cha kuuzimia kiwe mkononi mwake. Hata mteja akiita, dada. Hata duka likiungua."

Ibtisam akaahidi, na siku sita alitimiza. Alikaa kwenye kigoda, kitufe kwenye kiganja kinachotoka jasho, akiutazama mkono ukichota, ukipanda, ukisubiri kinywa, ukishuka. Haukumwaga hata tone. Tena ulikuwa na namna yake ya kutua kidogo kabla ya kusogea mdomoni, na namna ile Ibtisam aliona anaijua. Siku ya tatu akatambua aliiona wapi. Ni yake. Ndivyo yeye mwenyewe anavyotua, na hakuwahi kumfundisha mtu. Uji wa siku hiyo aliuona mrefu kuliko hotuba.

Siku ya saba ilikuwa Jumanne, tarehe za mishahara, duka limejaa. Mzee alikuwa na mafua. Uji wa saa nne ulikuwa umefika nusu bakuli, mkono unakwenda vizuri, na kule mbele mama mmoja alikuwa anaita anataka mafuta ya kula, robo lita, ameacha sufuria jikoni. Ibtisam akautazama mkono. Akautazama mlango. Hatua kumi na mbili tu, alijiambia. Akakiweka kitufe kitandani, akatoka.

Alikuwa anafungua dumu alipomsikia baba yake. "Nimeshiba."

Na hapa ndipo penye ubaya wenyewe, mahali ambapo hata baadaye hakuweza kupasimulia bila kuinamisha uso. Hakushtuka. Alitabasamu. Akapaza sauti kuelekea chumbani huku anamimina mafuta kwenye kipimo: "Kimoja tu, Baba, kwa ajili yangu."

"Nimeshiba," mzee akasema tena.

"Cha mwisho, Baba."

Mteja akacheka, akasema wazee wote ndivyo walivyo, hata wa kwake mpaka umkimbize na sahani. Ibtisam akafunga chupa, akapokea hela, akatafuta chenji. Mara ya tatu ile sauti haikuwa neno. Ilikuwa mkoromo mfupi, wa mtu anayetaka kukohoa akazuiwa. Halafu kimya, na ndani ya kimya kile, zzz, zzz, zzz, mkono unaendelea na kazi.

Alikimbia, chenji ikamwagika.

Baba alikuwa amegeuza uso hadi shingo haina tena pa kwenda. Uji umemjaa kinywani, umeshuka kidevuni, umeingia kwenye kola ya kanzu. Macho yamemtoka. Midomo imeanza kupiga rangi ya zambarau. Na ule mkono, kwa upole uleule, kwa kutua kulekule, ulikuwa umezunguka kuufuata mdomo kule ulikokimbilia. Ukagonga meno. Ukarudi nyuma nusu shibiri, ukangoja kidogo, ukaja tena. Haukuwa na nguvu. Ukiusukuma kwa kidole kimoja unasimama. Ila baba yake hakuwa na kidole cha kuusukumia.

Ibtisam hakukumbuka kitufe. Aliung'oa waya ukutani, akamvuta baba mbele, akamwinamisha juu ya meza, akampiga mgongoni kwa kiganja kama mtu anayepiga mlango wa nyumba inayoungua. Akaingiza vidole kinywani akatoa alichoweza kutoa. Ya Rabbi, si leo, alikuwa anasema, si leo, si hivi. Bonge la uji likatoka. Pumzi ikaingia kwa mluzi, na mzee akakohoa hadi machozi yakamtoka. Ibtisam akabaki amemshikilia mabega, asidondoke. Kule mbele mtu mwingine alikuwa ameshaanza kugonga kaunta.

Alimwosha baba, akambadili kanzu, akamlaza. "Nisamehe, Baba," alimwambia. Mzee Jaffar alimtazama muda mrefu, kisha akafumba macho.

Hakumwambia Usama. Kwa Theonest alipiga simu, akasema tu kwamba mashine haikuwafaa, aje aichukue. Maana ukisema mkono ulimkaba baba, utaulizwa wewe ulikuwa wapi, na jibu la swali hilo lingefika Msasani kabla ya swala ya magharibi. Waya ulipong'olewa, rekodi ya mlo ule ilipotea. Wa kusema walibaki wawili, yeye na mzee, na mzee maneno yake yanahesabika. Siku nzima alikuwa akikatisha biashara kwenda kusikiliza kama bado anapumua. Mkono aliufunika khanga, na hata ulivyofunikwa hakuweza kuupa mgongo.

Jumatano asubuhi Theonest akaja na bisibisi zake. Ibtisam alitegemea atanuna. Kijana alikuja na furaha.

"Dada Ibtisam, hata ungeng'ang'ania tungeuchukua. Kazi yako imekwisha, na umetutoa kimasomaso." Alifungua laptopu juu ya kaunta, katikati ya makopo ya maziwa na trei ya mayai. "Tuna nyumba tano tunazofundishia. Kwingine kote mgonjwa akikataa mara moja mkono unaacha, chakula kinabaki, watu wanazidi kukonda. Wa kwako peke yake ndio unamaliza bakuli. Njoo uone."

Akamwonyesha. Vilikuwa vipande vifupi vya video, mia moja na kumi na vinne, vimepangwa vifuatane. Katika kila kimoja uso wa baba yake, karibu mno, unageuka pembeni. Nimeshiba. Na katika kila kimoja mkono wa Ibtisam umeushika mkono wa mashine, na kijiko kinarudi. Kinatua. Kinangoja. Kinaingia. Alivitazama vyote, macho hayapepesi, akitafuta hata kimoja ambacho kijiko kilirudishwa bakulini. Hakukiona.

"Hilo ndilo somo ulilotupa," Theonest alisema. "Kwa mkono huu, mtu kugeuza uso si mwisho wa chakula, ni mwanzo wa kubembelezwa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kesho saa nne tunauwasha na somo hilohilo kwa Mwalimu Apolonia, kule Segerea. Unamkumbuka?"

Alimkumbuka. Walikutana kwenye semina ya maabara: mwalimu mstaafu, mwembamba, kwenye kiti cha magurudumu, ambaye ugonjwa ulimchukua mikono na sauti pamoja. Baba yake angalau anaweza kusema nimeshiba. Mwalimu Apolonia anasema kwa macho, na anayeyaelewa macho hayo ni binti yake, Noela, karani, ambaye asubuhi yuko kazini na mama anabaki na jirani.

Ibtisam akashika ukingo wa kaunta. Hadi hapo hofu yake ilikuwa ya kitu kilicho nje yake, plastiki na nyaya, kitu unachoweza kukifunika khanga. Sasa ilihama. Alikitazama kiganja chake mwenyewe juu ya mbao, na akakiogopa.

"Dada, hujambo kweli?" Theonest akauliza.

"Sijambo," alisema, na akamwacha aondoke na mkono wake chini ya kwapa.

Mie simlaumu. Anayetaka kumlaumu kwanza amwage siri inayomtoa baba yake ndani ya nyumba, halafu aje tuzungumze. Ujasiri ni rahisi ukiwa kwenye mambo ya mwenzio. Alihudumia wateja mchana kutwa, akakosea vipimo, akamuuzia mtu sabuni badala ya chumvi. Kila akifumba macho alimwona mwalimu yule amegeuza shingo.

Alhamisi saa tatu alifunga duka, jambo ambalo Tandika haikuwahi kuliona siku ya kazi. Baba alimwacha kwa jirani, Bi Jokha, akamwomba asimpe chochote mpaka atakaporudi. Akapanda bodaboda hadi Segerea. Njia nzima alikuwa anatunga uongo. Aseme waya una shoti. Aseme kijiko kina ncha kali. Uongo wowote utakaousimamisha mkono bila kumfikia yeye, wala kumfikia Usama. Kila uongo alioutunga, alijua Theonest angeutengeneza kwa bisibisi ndani ya dakika tano.

Alikuta mlango wazi. Mkono ulikuwa umeshafungwa mezani, uji wa ulezi unatoa mvuke, Noela ameomba ruhusa kazini ili ashuhudie. Theonest ameinamia laptopu. Mwalimu Apolonia amefungwa kitambaa kifuani, anautazama mkono, na Ibtisam akayajua macho yale, maana ndivyo naye alivyoutazama siku ya kwanza.

"Usiuwashe," alisema, hata hodi hakupiga.

Na uongo wote wa njiani ukamkauka mdomoni. Alisimulia yote, akiwa amesimama, mkoba bado begani. Mafuta, chenji, hatua kumi na mbili. Kitufe alichokiacha kitandani. Sauti ya baba na yeye kuijibu kwa tabasamu, mara mbili. Alipofika kwenye rangi ya midomo Noela alikuwa ameshasogea na kusimama kati ya meza na mama yake.

Theonest alikaa chini. "Pole sana, dada. Ungeniambia Jumanne ileile." Akajipangusa uso. "Lakini mzee alikuwa na mafua, na hapakuwa na mtu. Mkono wenyewe ukisukumwa unasimama, nimeujaribu mie mwenyewe, mara nyingi tu…"

"Uliujaribu ukiwa na mikono," Ibtisam alisema.

Kijana akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Nifungeni mikono," Ibtisam akasema. "Huo mkono unilishe mie."

Theonest hakutaka, na Noela pia hakutaka, lakini Ibtisam alikuwa ameshavuta kiti. Noela akaleta kitenge, akamfunga mikono nyuma ya kiti, fundo moja na la pili. Theonest akakishika kitufe. Mlio ukaanza, zzz, mkono ukainuka, ukapitapita hewani, ukampata.

Vijiko vitatu alivila vizuri. Kisha akageuza uso. "Nimeshiba."

Mkono ukatua. Ukaja.

"Nimeshiba," alisema tena, na neno lilipokuwa linatoka kijiko kikaingia. Akameza, afanyeje. Akageukia upande wa pili, na mkono ukazunguka taratibu, ukamngoja kule. Alikuwa amejiandaa kuigiza, lakini hapo maigizo yakaisha. Uji ulimjaa, na kila alipomeza ili apate kupumua mkono uliona ameridhika, ukachota mwingine. Akijaribu kusema anafumbua mdomo. Akifumbua mdomo analishwa. Alivuta mikono na fundo likakaza. Alimwona Theonest amenyanyua kidole juu ya kitufe, rangi imemtoka, na akamkatalia kwa kichwa, atazame, atazame mpaka mwisho, na hata kichwa hicho kinachokataa mkono ulikifuata, kulia, kushoto, kulia, kijiko mbele ya midomo yake. Haukuwa na ubaya wowote ndani yake, na hilo lilimtisha kuliko yote. Ulikuwa unambembeleza. Na katikati ya hofu ile akaviona tena vile vipande mia moja na kumi na vinne, uso wa baba yake karibu mno, na akatambua kwamba hakuna hata kimoja ambacho mzee alifumbua mdomo kabla kijiko hakijamgusa.

Theonest akabonyeza. Mkono ukashuka.

Noela alimfungua, akampa maji, na Ibtisam akakohoa hadi akainama. Alipoinua uso, Mwalimu Apolonia alikuwa anamtazama, na machozi yanamtiririka bila mtu wa kumfuta. Ibtisam akamfuta kwa ncha ya mtandio wake. Mchana huo mikono yote mitano ilizimwa, na Theonest akawaandikia wakubwa zake kwa nini.

Ibtisam akatoka uani, akampigia Usama mwenyewe, kabla mtu mwingine hajampigia. Usama alisikiliza hadi mwisho. "Kesho baada ya swala," alisema, na akakata.

Ijumaa akaja na gari. Begi la mzee lilikuwa limeshafungwa, kanzu nne, dawa, redio. Ibtisam alikuwa hajalala, na alipika bokoboko, ngano iliyopondwa na nyama, kwa sababu ndilo alilopenda baba yake na kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Alimwambia mzee asubuhi, waziwazi, anapelekwa wapi na kwa nini. Mzee alisema, "Msasani," neno moja tu, na Ibtisam alilisikia jinsi lilivyotoka zito, kama la mtu aliyekumbuka jeneza la mkewe.

"Chuma hakina huruma," Usama alikuwa anasema, anatembea chumbani huku na huku, hasira haijamtoka. "Nilikwambia, Ibti, sikukwambia? Baba si wa kufanyiwa majaribio. Lete hilo bakuli. Leo namlisha mie, uone mtu anavyolishwa na mtu."

Akavuta kigoda, akakaa. Na kusema kweli alimlisha kwa upendo. Alipuliza kila kijiko, akampangusa baba midomo kwa kidole gumba. Mzee akala kimoja, akala vinne, akala sita. Kisha akageuza uso pembeni.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nimeshiba."

Usama akacheka, na kicheko kilikuwa kilekile cha nyumba yao. "Umeshiba wapi, Baba? Hata hujala. Kimoja tu, kwa ajili yangu."

Akachota. Kijiko kikapanda, kikatua kidogo, kikasogea mdomoni. Mzee Jaffar hakukitazama kijiko. Alimtazama Ibtisam, na midomo yake, taratibu, ikaanza kufunguka.

Ibtisam hakupanga alichofanya. Aliudaka mkono wa kaka yake pale penye kifundo, kwa vidole vyote vitano, na bokoboko likamwagikia shuka.

"Amesema ameshiba."

"Una wazimu?" Usama alijaribu kuuvuta mkono. "Namlisha baba yangu."

"Najua," alisema Ibtisam, na hakuuachia.

Kijiko kikabaki hewani kati yao. Mzee Jaffar akamtazama mwanawe, akamtazama binti yake, na mdomo aliokuwa ameshaanza kuufumbua akaufumba.